Miche ya Mlango wa Majivu

Nikisema "Kulikuwa," ninyi semeni "Na kukawa." Haya. Kulikuwa.

"Na kukawa."

Mbona mnaitikia kama watu walioamshwa? Kisa hakiingii nyumba ya wasinziaji. Kulikuwa.

"Na kukawa!"

Ehe, sasa mko hai. Kulikuwa na zamani, wala si zamani hii ya babu yenu, la. Zamani ile iliyo nyuma ya zamani, milima ilipokuwa bado inajongea ikitafuta mahali pa kukaa, na mtu akikutana na chui njiani walikuwa wakijuliana hali. Sogeeni huku jikoni, mvua inapiga kwa ubavuni. Mbonea, acha kuchokonoa makaa, yatamrukia mwenzio. Kisa hiki nakijua mwanzo mpaka mwisho, na bado kila nikikisimulia moyo haunitulii. Basi kaeni kimya nisije nikakiharibu.

Kulikuwa na mlima uitwao Vumeni. Baridi ya Vumeni si hii mnayoililia mkitumwa maji asubuhi. Kule kipupwe kikiingia, sakitu inalala juu ya majani kama unga, nyeupe, na jani lililolaliwa na sakitu, jua likitoka, linakuwa jeusi kama limepitiwa na moto. Watu wa Vumeni walilima maharage, walilima magimbi, lakini kilichowapa jina ni nyanya na pilipili. Nyanya wakizikata na kuzianika, pilipili wakizitunga kwenye kamba, na mara moja kwa mwaka wakiteremka mpaka nyikani kukutana na watu wa chumvi. Kikapu cha pilipili kwa kikapu cha chumvi. Huko juu hapakuwa na chumvi hata ya kulamba mbuzi. Kwa hiyo hakuna pilipili?

"Hakuna chumvi."

Hakuna pilipili?

"Hakuna chumvi."

Vizuri. Hilo lisiwatoke.

Sasa, nyanya na pilipili zinachukia baridi kuliko Kiangi huyu hapa. Ukingoja kipupwe kiishe ndipo upande mbegu, mvua za vuli zinakuja na kuondoka mche wako ungali na majani mawili. Watu wa Vumeni wakawa wanaotesha mbegu ndani ya nyumba, kipupwe kikiwa bado kinauma, ili jua la vuli likitoka miche iwe imekwisha simama. Lakini mbegu haioti kwenye baridi. Inataka nyumba ambayo moto wake hauzimiki mchana wala usiku, na nyumba ya namna hiyo ni moja tu. Nyumba ya mzazi, mwanamke aliyejifungua.

Ilikuwa mila yao. Mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu, havuki kizingiti. Mumewe haingii, analala kwa nduguze. Anayeingia ni mavyaa wake peke yake, yaani mama wa mumewe, analeta kuni, maji na uji. Mtoto hapewi jina, anaitwa "mgeni," maana hawajui kama atakaa. Mlango unafungwa na nyufa zinazibwa ili jicho baya lisipite. Mgeni akifikisha mwezi mmoja, zinaletwa mbegu za mlima mzima. Zinapandwa kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika, vigae vinapangwa kwenye uchaga, ile chanja iliyo juu ya moto, na mzazi anakuwa mlezi wa wote, mtoto na miche. Kila mwaka ilibidi apatikane mzazi wa kipupwe, na Vumeni hawakumkosa hata mwaka mmoja. Kwa baridi ile watu wangefanya nini kingine. Msicheke, na msiniulize.

Miezi mitatu ikitimia wote wanatolewa siku moja. Mavyaa anamwinua mtoto juani mbele ya watu. Mtoto, kwa kuwa hajaliona jua tangu azaliwe, anakunja macho, analia. Kilio hicho ndicho watu wanachokingoja uani na vikapu vyao. Wakikisikia wanasema, "Amefika," ndipo wanaingia kuchukua miche. Asipolia, hakuna anayegusa kitu.

Na mzazi akivuka kizingiti kabla ya siku yake? Anarudishwa kwao siku hiyo hiyo, peke yake. Mtoto anabaki. Narudia, mtoto anabaki.

Basi ukaja mwaka ambao miche ilitolewa mirefu, mizuri, shingo nyeupe, ikapelekwa shambani, siku ya tatu yote imelala chini. Watu wakasema ni jicho. Mwaka uliofuata wakaziba nyufa za nyumba ya mzazi kwa majani ya mgomba. Miche ikatoka mirefu zaidi, ikafa siku ya pili. Jicho tena. Mwaka wa tatu wakaziba kwa udongo na samadi mpaka moshi ukakosa pa kutokea, na miche ikafa siku ile ile, kabla hata maji ya kuinyweshea hayajakauka mchangani. Chumvi ikaisha. Watu wakachoma matete wakachuja majivu yake wapate angalau kitu cha kuudanganya ulimi. Mbuzi wakawa wanawafuata watu njiani kuwalamba jasho.

Mwaka wa nne, mzee Sekiondo, mtunza mbegu, alitikisa kibuyu chake na kikalia kama kina mchanga kidogo tu chini. Nyanya konzi moja. Pilipili hazikufika konzi. Zilikuwa ndizo za mwisho. Na mzazi wa kipupwe mwaka ule alikuwa nani? Alikuwa Nakiete.

Mlima mzima ulishusha pumzi ya kukata tamaa. Nakiete alikuwa amekwisha zaa mara mbili, na wageni wote wawili waliondoka kabla ya miezi mitatu. Wanawake kisimani walisema mkono wake haushiki. Wengine walimwendea Sekiondo wakamwambia angoje mwaka mwingine. Sekiondo akawauliza, "Mbegu hizi zina umri gani?" Walijua zilikuwa kuukuu, na mwaka mwingine zisingeota hata moja.

Kibuyu kilipelekwa na mavyaa wake Nakiete, Namkunda. Mwanamke mkavu yule, mrefu, mwenye maneno machache, na hayo machache aliyagawa kama chumvi. Akaingia akiinama, akafunga mlango nyuma yake.

"Mkaza mwanangu, hizi ndizo zote."

"Zote za mwaka huu, mavyaa?"

"Zote zilizoko duniani."

Nakiete akatazama kibuyu, akamtazama mgeni wake aliyelala kwenye ngozi, mtoto wa kike mwenye nywele kama manyoya ya kifaranga. Akaogopa. Nani aliniambia? Hakuna aliyeniambia, mimi najua tu. Mtu akikabidhiwa vitu viwili vinavyokufa kwa urahisi, ataachaje kuogopa?

Akafanya kazi yake kama alivyofundishwa. Udongo wa msituni akauchanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa, akaukaanga kwenye gae mpaka wadudu wote wakafa, akauacha upoe. Vigae akavitoboa chini ili maji yasituame. Nyanya akazipanda kwa kina cha ukucha. Pilipili, ambazo ni kaidi, akaziloweka kwenye maji ya vuguvugu, akazifunga kwenye kitambaa, akazifunga kifuani chini ya titi, mahali mgeni alipokuwa akilaza kichwa. Kesho yake akazipanda nazo.

Kila asubuhi Namkunda alisimama nje ya mlango na kuuliza maneno yale yale.

"Zimeota?"

"Bado, mavyaa."

"Mgeni anapumua?"

"Anapumua, mavyaa."

Siku ya sita nyanya zikatoka, zimeinama kama wazee wenye mizigo, kesho yake zikanyooka. Pilipili, kimya.

"Pilipili zimeota?"

"Bado, mavyaa."

"Mgeni anapumua?"

"Anapumua, mavyaa."

Siku ya kumi, bado. Siku ya kumi na tatu, bado. Nakiete akawa halali. Akiamka anachochea moto, anagusa udongo kwa kidole kama una joto, anaweka sikio kwenye pua ya mtoto, anarudi tena kwenye udongo. Akawaza kuufukua atazame, akajizuia, akawaza tena, akakalia mikono yake. Siku ya kumi na saba kikatoka kitu kimoja cha kijani, kimejikunja kama ndoana. Nakiete akalia mpaka mtoto akaamka.

Mngedhani hofu yake iliisha hapo. Wee, ndiyo kwanza ilipata miguu.

Miche ikawa inarefuka. Inarefuka, inarefuka, leo kidole, kesho vidole viwili. Nakiete akafurahi, akadhani urefu ndio afya. Kisha akaona inainama, yote upande mmoja, kama watu waliosikia wanaitwa. Ilikuwa inaelekea nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa majivu, kile kilango kifupi ambacho zamani wazazi walikitumia kutolea majivu kabla hakijazibwa nacho kwa kuogopa jicho. Ule udongo wa kuzibia ulikuwa umepasuka, na katika ufa palipita mwanga mwembamba kama uzi.

Nakiete akavigeuza vigae. Kesho yake miche ikawa imejigeuza nayo, imeelekea mlangoni tena. Akavigeuza tena. Ikajigeuza tena.  Akasema moyoni, inataka kunitoroka, kama walivyonitoroka wale wawili. Akachukua kitambaa akauziba ufa.

Watoto, hilo lilikuwa kosa, na msimcheke. Giza likashika nyumba yote, ukabaki mwanga wa moto tu. Miche ikazidi kurefuka, sasa bila kuwa na upande, shina jeupe kama uzi wa pamba, jani dogo la rangi ya maziwa. Siku ya nne mmoja ukaanguka. Nakiete akauinua, ukaanguka. Chini shingo yake ilikuwa imenywea kana kwamba mtu ameikaba. Kesho yake ikaanguka mitatu, kesho kutwa minane.

"Miche inakwendaje?" Namkunda akauliza nje.

"Inakwenda, mavyaa," Nakiete akajibu, na hakusema inakwenda wapi.

Asubuhi ile alikitoa kitambaa kwenye ufa ili aone vizuri iliyokufa. Uzi wa mwanga ukapita, ukamwangukia mgeni aliyekuwa mapajani pake. Mtoto akageuza uso kuutazama. Nakiete akasogea pembeni, mtoto akageuza shingo tena, akautafuta mpaka akaupata. Akasogea upande wa pili. Mtoto akaufuata. Nakiete akatazama miche, akatazama mtoto. Mtoto hakuwa akimtoroka mtu. Alikuwa anataka kile kilichoko kule.

Sasa mtasema, basi akafungua. Hamjui uoga ninyi. Hakufungua siku ile. Alikaa na mgeni wake kifuani akijisemea: nikifungua, jicho litapita, mtoto wangu atakufa. Nikifungua nikaonekana, nitarudishwa kwetu na mtoto atabaki, hilo nalo ni kufa. Nisipofungua, miche itakufa na mlima utakosa chumvi, nao watasema ni mkono wangu. Akazunguka humo ndani ya kichwa chake mpaka jua likazama. Kulipokucha akasema neno moja kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia: "Wale wawili niliwafungia. Na bado walikwenda."

Namkunda alikuwa na desturi ya kwenda kisimani kunapopambazuka, na kisima cha Vumeni kilikuwa mbali. Nyuma ya nyumba ilikuwa migomba tu, hakuna mtu aliyethubutu kupita karibu na nyumba ya mzazi. Nakiete akasikia mtungi wa mavyaa wake ukiondoka. Akaubandua udongo kwenye mlango wa majivu, taratibu, bonge kwa bonge. Akatoa vigae akaviweka chini ya upenu, kivulini. Akataka amwache mtoto ndani, mtoto akaanza kunung'unika, naye akaogopa kilio kisije kikasikika mbele. Akamchukua. Akavuka.

Akaketi kivulini na kumpa titi moja. Titi lilipokwisha akaingiza miche, akaingiza mtoto, akaurudisha udongo mahali pake, akafuta nyayo kwa ufagio. 

Siku ya kwanza, muda wa titi moja. Siku ya pili, titi moja. Siku ya tatu, matiti mawili, na vigae akavisogeza kidogo, jua la asubuhi liguse majani na kuondoka. Nyanya zile zilizokuwa ndefu mno akazihamisha, akazizika mpaka shingoni, maana nyanya ukiizika shina linaota mizizi. Pilipili hakuzizika, pilipili ukiizika umeiua. Akawa anaipitishia miche kiganja juu, huku na huku, kama upepo, ili ijifunze kusimama.

Siku ya tano mtoto akakohoa.

Kikohozi kimoja. Kisha kingine. Nakiete akaingia, akaziba mlango wa majivu kwa udongo mbichi, akamlaza mtoto kifuani, akamwambia, "Nimekuua, mama. Nimekuua kwa ajili ya pilipili za watu." Siku mbili hakufungua. Siku mbili hakula.

"Mgeni anapumua?"

"Anapumua, mavyaa."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Moshi, mavyaa."

Siku ya tatu kikohozi kiliondoka kama kilivyokuja, mtoto akawa ananyonya na kupiga teke. Na miche juu ya uchaga ilikuwa imeanza tena kuinama kuelekea mlango wa majivu. Nakiete akasimama pale na bonge la udongo mkononi kwa muda mrefu. Hakuna aliyemshauri. Hakuna wa kumwuliza. Akafungua.

Siku zikaenda. Matiti mawili, kisha matiti mawili na usingizi mfupi, kisha mpaka mtungi wa Namkunda usikike ukirudi njiani. Kila mtungi ulipogonga jiwe moyo wake uliruka. Mara moja Namkunda alirudi mapema, akamkuta Nakiete anahema na ufagio mkononi. Akatazama sakafu, akatazama mkaza mwanawe, akatua kuni akatoka. Usiku ule Nakiete hakufumba jicho.

Basi siku ya kutolewa ikafika. Uani walijaa watu wa Vumeni wote, wanaume na wanawake, vikapu mikononi, midomo imepasuka kwa kukosa chumvi.  Sekiondo alisimama mbele amekumbatia kibuyu kitupu. Mlango mkubwa ukafunguliwa. Namkunda akaingia, akampokea mtoto, akatoka naye, na Nakiete akasimama ndani ya kizingiti.

Namkunda akamwinua mtoto juu, uso kwa jua.

Watu wakangoja.

Mtoto hakukunja macho. Hakulia. Alilitazama jua la asubuhi lililokuwa linatoka migombani kama mtu anayemtazama jirani yake, akanyonya ngumi.

"Halii," mtu mmoja akasema.

Wakaanza kurudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, vikapu vimeshikwa kifuani. Asiyelia hajafika. Asiyelia ni wa kuondoka. Sekiondo akasema, "Mfinye, Namkunda. Mlize. Tafadhali mlize."

Namkunda akashusha mkono kwenye paja la mtoto. Na hapo, watoto, Nakiete angeweza kunyamaza. Mtoto angefinywa, angelia, watu wangesema amefika, na siri ingekwisha. Paja lenyewe si lingepoa jioni ile ile? Lakini hakuweza. Sijui kama ni ujasiri au ni kuchoka kuogopa.

"Mavyaa, usimfinye," akasema. "Haogopi. Analijua."

"Analijua nini?"

"Jua. Nimekuwa nikimtoa. Yeye na miche, kila asubuhi, kwa mlango wa majivu."

 Aliyevuka kizingiti amejitaja mwenyewe. Kila mtu alijua kinachofuata, na aliyepaswa kutamka ni Namkunda. Sekiondo akapita kando yao, akaingia ndani, akatoka na kigae kimoja. Mche ulikuwa mfupi. Mfupi kuliko miche yote waliyowahi kuiona, shina nene, la zambarau kidogo, majani ya kijani kizito. Akausukuma kwa kidole. Ukainama, ukarudi ukasimama. Akausukuma tena, ukasimama tena. Mzee yule akaanza kulia bila sauti. Lakini neno la kutamka halikuwa lake.

Watu wakamtazama Namkunda. Nakiete akamtazama Namkunda. Akawa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

Namkunda akakaa chini. Mwanamke yule aliyekuwa hakai mbele za watu, akakaa vumbini pale uani na mtoto mapajani. Akamtazama uso. Akamgeuza kidogo, akatazama sikio, akatazama kidevu.

"Ana alama hapa," akasema. "Chini ya jicho. Ndogo, nyekundu."

"Ndiyo, mavyaa," Nakiete akasema.

"Alizaliwa nayo?"

"Alizaliwa nayo."

Namkunda akampitishia kidole kwenye alama ile. Kisha akasema, polepole, wala si kwa watu:

"Mimi nilizaa saba. Aliyetoka akaliona jua ni mmoja, huyu mume wako. Wale sita niliwafungia vizuri. Hakuna aliyefunga vizuri kama mimi, ufa haukubaki. Niliwajua kwa mwanga wa moto tu. Mtu akiniuliza leo, wa tatu wako alikuwa na sura gani, ana alama wapi, sijui. Nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamzika, na sura yake siijui."

 Namkunda akainuka kwa shida, akaenda mpaka mlangoni. Akamwekea Nakiete mtoto mikononi, akaifunika mikono ile kwa yake.

"Shika mwanao," akasema. "Toka nje. Watu wamwone." Kisha akageuka kwa wenye vikapu. "Mnangoja nini? Chukueni miche."

Wakaichukua. Haikupona yote, nisiwadanganye, sakitu ya mwisho ilipita ikaiua iliyopandwa bondeni. Lakini ya mlimani ilisimama, ikazaa, na mwaka ule pilipili ziliteremka nyikani na chumvi ikapanda mlima. Mtoto alipewa jina siku ile ile bila kulia. Na Namkunda, mpaka alipokufa, kila palipokuwa na mzazi Vumeni yeye ndiye aliyekwenda alfajiri kubandua udongo kwenye mlango wa majivu. Alikuwa anakaa upenuni na mtoto wa watu mapajani, anamtazama uso, mpaka matiti mawili yaishe.

Mafunzo yake mnayataka? Watu husema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na wanakusudia viboko. Vumeni walikuwa na maana yao. Unayemficha asife, hakikisha hujamnyima pa kuishi. Nanyi mkija kulea, iwe mtoto au mche wa nyanya, mtaogopa, hiyo haikwepeki. Ogopeni, lakini fungueni. Mbonea, mbona unafuta macho na kanga yangu?

Kisa kimetembea, kimefika, kimeketi. Mimi nimekitua kichwani pangu, shingo imepata nafuu. Anayekitaka na ajitwike, na akifika kwao, asikile peke yake.